Waliondoka na Balbu, Wakamwacha Mama

"Fungeni mlango huo, upepo unaniingia."

Sauti hiyo ilitoka chumba cha nyuma, na hapo ndipo tulipoachana na Msusi wiki iliyopita: mkono mmoja ukutani akipapasa swichi ambayo haipo, roho mkononi, ndani ya nyumba aliyoambiwa imeachwa tupu.

Kama wewe ni mgeni hapa, msomaji wangu, usihangaike. Msusi na mumewe, Dereva wa lori, wamejinyima miaka na miaka mpaka wakanunua nyumba yao. Aliyewauzia anaitwa Mkurugenzi. Mkurugenzi wa nini? Usiulize. Mtaa mzima haujui, na nina wasiwasi hata yeye mwenyewe hajui, ila hupenda kuitwa hivyo, na ukimwita kwa jina lake la kuzaliwa hageuki.

Asubuhi wamefika na lori limejaa vyombo, wamefungua mlango, wamekuta bwana mkubwa ameikwangua nyumba kama mtu anavyokwangua ukoko sufuriani. Balbu kabeba. Swichi kabeba, kaacha nyaya zinachungulia ukutani. Koki za maji, sinki la jikoni, fimbo za mapazia, kitasa cha mlango wa choo. Na kifuniko cha choo chenyewe! Mtu mzima, tai shingoni, amepiga magoti chooni kwake na bisibisi ili asimwachie mwenzake pa kukalia.

Halafu ndiyo ikaja hiyo sauti.

"Nani yuko humo?" Msusi akauliza.

"Nani anayeuliza?"

Msusi akausukuma mlango.

Kitandani alikuwa amekaa bi kizee. Amevaa viatu. Amejifunga kitambaa kichwani vizuri, mkoba ameupakata, fimbo yake imeegemea godoro. Alikuwa amevaa kama mtu anayesubiri safari, na alikuwa amechoka kama mtu aliyeisubiri mno.

"Ninyi ndio wa gari?" akauliza.

"Gari gani, mama?"

"La kunichukua. Wameniambia, kaa hapa mama, gari linarudi. Basi nimekaa."

"Wamekuambia leo asubuhi?"

"Jana," bi kizee akasema. "Kabla jua halijazama."

Nyuma ya Msusi, Dereva alikuwa amesimama na godoro kichwani. Akalishusha polepole, akaliegemeza ukutani.

"Mama," Msusi akasema, "wewe ni nani wake Mkurugenzi?"

Bi kizee akacheka kidogo, kicheko cha puani. "Nimemzaa. Wakati huo hakuwa mkurugenzi. Alikuwa analia tu na kujikojolea."

Msusi akatazama juu. Waya ulikuwa unaning'inia darini, mtupu, hauna kitu.

"Hata taa ya chumbani kwako?"

"Alipanda kiti akaifungua, mimi nikiwa hapa hapa nimekaa. Nikamwambia, mwanangu, giza likiingia nitaonaje? Akasema, mama, kwani wewe si unalala tu?"

Msusi akasonya. Ulikuwa msonyo mrefu, ule anaoutoa saluni mteja akimwambia nywele zake ni za asili na huku gundi inaonekana. Kisha akatoka nje kwenda kuchukua chupa ya chai na mkate kwenye lori, maana mabomba ya nyumba ile yalikuwa yamekatwa vichwa, na bi kizee hakuwa ameweka kitu mdomoni tangu jana.

Bi kizee akanywa. Hakulalamika. Alishika kikombe kwa mikono miwili kama anayejipasha moto, na kila gari lilipopita barabarani aligeuza uso dirishani.

Hilo ndilo lililomshinda Msusi. Akachukua simu.

"Halo, Mkurugenzi anaongea."

"Na mimi Msusi naongea. Niliyenunua nyumba yako."

"Aaa, dada yangu! Hongera sana, hongera. Mmeingia salama?"

"Tumeingia. Hakuna balbu hata moja."

Upande wa pili mtu akakohoa, kikohozi cha heshima. "Dada, ngoja nikuelimishe kidogo. Balbu ni kitu cha kubebeka. Nyumba ni kuta na paa. Kuta si zipo?"

"Koki je?"

"Koki zile nilizitafuta kwa taabu sana."

"Na kifuniko cha choo?"

"Mke wangu amekizoea."

Msusi akavuta pumzi. "Haya, nimeelimika. Sasa nieleweshe na hili. Mama yako naye ni wa kubebeka, au ni ukuta?"

Kwa mbali, upande ule, muziki ulisikika na watu wakicheka.

"Naona mmeonana," Mkurugenzi akasema.

"Tumeonana."

"Ni mtu mzima, hana usumbufu. Chakula chenyewe anadonoa tu. Kaeni naye kidogo wakati sisi tunajipanga. Huku kwenye nyumba mpya vyumba vyote vina matumizi."

"Wewe! Umetuuzia nyumba, au umetuuzia mama?"

"Dada, usinipandishie sauti. Jambo hili nimeshakubaliana na mumeo. Muulize."

Akakata.

Msusi akageuka taratibu. Dereva alikuwa anachunguza godoro kama hajawahi kuliona.

"Mume wangu."

"Sikiliza kwanza..."

"Nakusikiliza."

"Aliniambia ataacha mzigo mmoja chumba cha nyuma, ataurudia. Nikajua sofa, au kabati. Nikamwambia hakuna shida, ilimradi utupe funguo mapema. Ningejuaje?"

"Mzigo," Msusi akasema.

"Ndilo neno alilotumia. Mzigo."

Walikuwa wamesahau kwamba mlango uko wazi. Bi kizee akakishusha kikombe, akakiweka sakafuni kwa uangalifu. Akaufungua mkoba wake, akatazama ndani, akaufunga tena, na kutoka hapo gari likipita nje hakugeuka.

Dereva akainama alichukue godoro.

"Usiguse kitu," Msusi akamwambia. "Kawashe gari."

"Tunakwenda wapi?"

"Kumrudishia mtu mzigo wake."

Kupata mahali anapoishi sasa Mkurugenzi hakukuwa na kazi. Dalali aliyewaunganisha alijifanya hakumbuki, akasema hizo ni siri za wateja. Msusi akamwambia, basi vizuri, tunakuja ofisini kwako na huyu mama, tunamkalisha kwenye kiti chako. Dalali akakumbuka. Akakumbuka mpaka rangi ya lango.

Dereva alimbeba bi kizee mikononi kama mtoto, akampandisha mbele kwenye lori, akamfungia mlango taratibu. Tumpe haki yake, alikuwa mpole siku ile. Alikata kona kama amebeba mayai. Akapunguza mwendo kwenye kila shimo, akisema "pole mama, pole," mpaka Msusi akasahau kumkasirikia.

"Mnakwenda kumgombeza?" bi kizee akauliza, katikati yao.

"Wewe ungependa tumfanyie nini, mama?"

Bi kizee akaigeuza fimbo yake mkononi. "Baba yake alikuwa mwashi. Tulipanga vyumba vingi, tukahama sana. Kila tunapohama, siku ya kuondoka ananiambia, mke wangu, fagia. Namwambia, nafagia ya nini na sisi tunaondoka? Anasema, fagia. Pipa analijaza maji. Taa anaiacha na mafuta ndani, na kiberiti kando yake. Komeo la mlango likiwa bovu, analitengeneza siku hiyo hiyo, na wakati tunakaa wenyewe alikuwa halitengenezi!"

Akacheka. Msusi naye akacheka.

"Alikuwa anasema, mtu anayehamia amechoka. Hataki maneno. Anataka afungue bomba litoe maji, awashe taa iwake, afunge mlango ufungike, alale. Hivyo tu. Ukishindwa kumwachia mwenzako hivyo, wewe hukukaa kwenye nyumba, uliifuga kama ng'ombe, ukaikamua."

"Na mwanao hakumfundisha?"

"Tulidhani anaona," bi kizee akasema.

Lango lilikuwa jekundu, lina maua ya chuma yaliyopakwa rangi ya dhahabu, na simba wawili wa saruji, mmoja ameshavunjika sikio. Ndani kulikuwa na turubai, viti vimevalishwa vitambaa, spika kubwa, na watu na sahani zao. Sherehe ya kuhamia! Mama mtu anashinda njaa akisubiri gari, mwana mtu anakata utepe wa sebule.

Dereva akaingiza pua ya lori langoni na kupiga honi. Mjue honi ya lori ilivyo. Spika yenyewe ilinyamaza.

Wageni wote wakageuka, wakaliona lori: kabati limepinduliwa miguu juu, magodoro, beseni, kitanda cha chuma kimefungwa kamba. Akatoka mke wa Mkurugenzi, Madamu, ndani ya gauni linalong'aa kama karatasi ya peremende, akija mbio kwa viatu virefu, hatua nusu nusu.

"Wenye mizigo wanapita nyuma!" akapiga kelele. "Nyuma! Hamuoni wageni?"

"Mzigo huu ni wa mlango wa mbele," Msusi akamjibu.

Dereva akazunguka, akafungua mlango, akamteremsha bi kizee. Akampa fimbo yake. Bi kizee akanyoosha gauni, akarekebisha kitambaa kichwani, akasimama.

Madamu akabadilika uso. Lilikuwa jambo la kutazama, msomaji. Kwanza ulitoka weupe, kisha ukaja wekundu, kisha likaja tabasamu, na hilo tabasamu ndilo lililokuwa baya kuliko vyote.

Mgeni mmoja mwanamke, mwenye miwani mikubwa na sauti ya kuzoea kusikilizwa, akasogea na sahani yake mkononi. Mkurugenzi alikuwa akimzungukazunguka tangu asubuhi kumwongezea soda. Alikuwa bosi wake. Ndiyo, Mkurugenzi ana bosi.

"Huyu bibi ni nani?" bosi akauliza.

"Huyu?" Madamu akacheka. "Aa, huyu ni mama mmoja aliyekuwa anatufulia zamani. Maskini, amechanganyikiwa kidogo. Tunamsaidia saidia."

Msusi alikuwa amejiandaa kwa matusi. Alikuwa amejiandaa kwa visingizio. Kwa hilo hakuwa amejiandaa.

Akasogea mbele.

"Anayewafulia? Huyu ni mama mzazi wa mwenye nyumba hii!"

"Haiwezekani," yule bosi akasema. "Mama yake alishafariki. Tulimpa pole ofisini, akapewa na likizo. Mimi mwenyewe nilimshika mkono akalia."

Mnamwona sasa huyo mtu? Alimwua mama yake kwa mdomo apate likizo, na jioni alirudi nyumbani akala chakula alichopika marehemu.

Mkurugenzi alikuwa amefika. Alikuwa amebeba trei. Alisimama kati ya bosi wake na mama yake. Neno moja tu lingemtosha, na lilikuwa neno fupi, la kwanza analojifunza mtoto.

Mama yake alikuwa anamtazama. Hakumkazia macho. Alimtazama tu, amemwinulia kidevu kidogo, kama mtu anayemsaidia mtoto kukumbuka.

"Huyu mama..." Mkurugenzi akamgeukia bosi. "Huyu ni wa ukoo. Ni ndugu wa mbali kidogo. Mpelekeni jikoni apate chakula."

Mke anasema mfua nguo, mume anasema ndugu wa mbali. Hata uongo hawakuketi pamoja wakaupanga!

Msusi akamtazama bi kizee, akitegemea machozi. Hayakuwepo. Kidevu kilikuwa kimeshuka, basi. Akapiga fimbo chini mara moja.

"Sikuja kula," bi kizee akasema. "Nimefuata koki."

"Nini?" bosi akauliza.

"Koki za maji. Hawa watu wawili wamenunua nyumba kwa huyu ndugu yangu wa mbali, wameingia wamekuta mabomba hayana koki. Taa hakuna. Sinki hakuna. Swichi hakuna. Nataka vitu vya watu. Na kile kifuniko."

"Kifuniko cha nini, bibi?"

"Cha choo."

Mgeni mmoja nyuma akapaliwa na soda. Mwingine akageukia ukutani mabega yakimtikisika. Kisha turubai zima likalipuka kwa kicheko, na aliyecheka kwa sauti zaidi alikuwa mpiga muziki, ambaye alikuwa ameshika kipaza sauti.

"Jamani, jamani," Mkurugenzi akasema, "hayo ni mambo madogo ya kifamilia..."

"Yalete," bosi akasema.

"Sasa hivi?"

"Mtu amenunua nyumba hana maji. Unataka lini?"

Basi mheshimiwa akaingia ndani. Akatoka na boksi la balbu na swichi. Akaingia. Akatoka na koki kwenye ndoo. Akaingia tena, na safari hii alitoka amelikumbatia sinki kifuani, tai imebanwa chini yake, jasho linamtiririka, na kile kifuniko amekitundika begani kama mwanamke aliyebeba mkoba wa sokoni. Wageni wakampisha njia. Mmoja akapiga makofi.

Alipofika karibu na lori akamwinamia mama yake, meno ameyafunga, akamfokea kwa mnong'ono.

"Mama, unaniaibisha!"

Lakini aliyeshika kipaza sauti alikuwa amesogea kuona vizuri.

*Mama, unaniaibisha.* Spika kubwa iliyarudia maneno hayo kwa mtaa mzima.

Bosi akaweka sahani yake juu ya kiti. Akatafuta mkoba wake, akaukuta, akaondoka bila kuaga. Wa ofisini wakamfuata mmoja mmoja, wengine wakikwepa kumwangalia Mkurugenzi kama unavyokwepa kinyesi njiani. Madamu akabaki katikati ya viti, anapanga vitambaa ambavyo havikuwa vimeharibika.

Msusi akajipangusa mikono.

"Haya mama," akasema, "ametamka mwenyewe. Ingia kwa mwanao."

"Niingie wapi?" bi kizee akauliza.

Na kwa kweli, aingie wapi? Msusi akalitazama lile lango, wale simba, yule mtu anayefuta shati lake lisibaki na alama ya sinki. Alikuwa amekuja kumwacha bi kizee pale. Hilo ndilo lilikuwa kusudi lake, na alikuwa amelipanga njia nzima kwa ufundi. Sasa hakulitaka tena.

"Mpandishe," akamwambia mumewe.

Dereva akasita. Kidogo tu. Msusi hakuliona hilo, au aliliona akadhani amechoka. Kisha akambeba bi kizee, akampandisha.

Walirudi nyumbani jua likiwa bado juu. Dereva akavua shati akaanza kazi: akafunga koki ya bafuni, akafunga ya uani, akalirudisha sinki mahali pake. Msusi akazunguka na balbu, chumba kwa chumba. Ya kwanza aliiweka chumba cha nyuma. Ilipowaka, bi kizee, aliyekuwa amekaa kitandani na viatu vyake amevivua, aliitazama mpaka macho yakamtoka maji, akasema ni mwanga tu unamwumiza.

Baadaye akaja jikoni, akavuta ndoo akaigeuza, akaikalia. Dereva alikuwa chini ya sinki, spana mkononi.

"Usikaze sana, mwanangu," bi kizee akasema.

"Nikilegeza itavuja, mama."

"Usikaze. Labda mtaifungua tena."

Dereva akatoa kichwa chini ya sinki. Msusi akasimama na balbu mkononi.

"Kwa nini tuifungue?"

Bi kizee akakunja mikono yake juu ya fimbo. "Kwa sababu aliyewauzia nyumba hana nyumba. Hii ni yangu. Baba yake aliijenga kwa mikono yake, na kabla hajafa aliniachia mimi, mbele ya ndugu zake wote. Wapo hai, waulizeni. Na mimi sijaiuza."

Msusi akaiweka balbu juu ya sinki. "Mama, tuliona hati. Ina jina lake!"

"Ina jina la baba yake. Ni lile lile. Nilimpa mtoto jina la baba yake kwa mapenzi. Sikujua kama nampa na nyumba."

"Asubuhi nzima tumekuwa na wewe!" Msusi sauti ikampasuka. "Tumekunywa chai, tumepanda gari, umetusimulia habari za kiberiti na pipa! Mbona hukusema?"

"Ningesemaje?" bi kizee akamjibu, na hakupandisha sauti. "Kusema ni kumpeleka mwanangu jela. Asubuhi nilikuwa bado nina mtoto wa kumsitiri. Sasa hivi nina ndugu wa mbali."

Akainuka, akachukua fimbo yake, akarudi chumbani kwake. Chumbani kwake, sikilizeni ninavyosema. Mlango wake ukafungwa taratibu.

Dereva akamshika mkewe mkono, akamvuta mpaka uani, kwenye kivuli cha tangi. Msusi akamwegemea. Alikuwa anataka kulia, na alitaka kulia kwenye bega la yule aliyembeba mama wa watu kama yai.

"Tufanyeje?" akasema. "Mume wangu, tufanyeje? Kila kitu chetu kiko humu. Kule tulikopanga wameshaingia watu wengine."

"Tulia," Dereva akasema. "Nimeshafikiri."

"Umefikiri nini?"

Akatazama dirisha la chumba cha nyuma. Akashusha sauti. "Yeye, mwanawe, na sisi. Nani mwingine anajua?"

"Anajua nini?"

"Kwamba hajauza. Wale ndugu wako mbali, ni wazee, hawaji. Na watu wote kwenye ile sherehe wamesikia kwa masikio yao kwamba amechanganyikiwa. Mke wangu, akisema nyumba ni yake, nani atamwamini?"

Msusi akajitoa begani. Akamtazama mumewe usoni. Siku nzima alikuwa ametazama uso wa mtu wa aina ile kwa dharau, akautukana, akaucheka mbele ya umati, na hakufikiria kwamba angeukuta uani kwake, umejipaka grisi, unamwonea huruma.

"Sema tena," akamwambia.

Hakupata nafasi ya kusema tena. Lango liligongwa. Si kwa hasira. Liligongwa polepole, kwa adabu, kama agongavyo mtu aliyekuja kuomba chumvi. Na sauti ya Mkurugenzi ikaja juu ya ukuta, tamu, laini, haina hata chembe ya aibu.

"Shemeji Dereva! Uko hapo, ndugu yangu? Nifungulie tuzungumze, wanaume wawili. Hawa kina mama tuwaache wapumzike."

"Usifungue," Msusi akasema.

Dereva akaweka spana chini. Akajifuta mikono kwenye suruali, mbele na nyuma, bila haraka. Kisha akampita mkewe, akaanza kutembea kuelekea langoni.